Tasnifu ya uzamivu: anza kuhesabu kutoka siku ya kwenda uwandani

Maswali mengi tuliyopokea safari hii yanahusu jambo moja: kazi ya tasnifu ya uzamivu ianze lini? Tumechagua sita. Mengine yanafanana mno na haya, na wenyewe watajiona humu.

Shikamooni wataalamu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nimeomba nafasi ya uzamivu na masomo yanaanza Oktoba. Nataka kutafiti kilimo cha bondeni Rufiji. Wenzangu wananiambia nisiguse kitu mpaka nisajiliwe na kupangiwa msimamizi, maana anaweza kubadilisha kila kitu. Wengine wanasema nianze leo. Nimsikilize nani? (Msomaji, Ubungo)

Marahaba. Anza leo, ila usianze na sura ya kwanza.

Tarehe ya kusajiliwa haina uzito ambao watu wanaipa. Tarehe inayobana ni ya kwenda uwandani, yaani kukusanya data mahali penyewe, kwa sababu mvua, mavuno, mitihani ya shule, uchaguzi na Ramadhani havina habari na kalenda yako ya masomo. Iweke hiyo kwanza, kisha hesabu kurudi nyuma.

Kwako wewe, masika ya Pwani ni Machi hadi Mei. Mto ukijaa, njia za bondeni hazipitiki. Maji yakishuka, wakulima hufuata unyevu na kupanda mazao ya mlau, na hapo ndipo utamkuta mtu shambani na si kwenye hadithi ya shamba. Tuseme basi unataka kuwa Utete, huko Rufiji, wiki ya kwanza ya Julai, wakati wa kipupwe.

Barua kwanza. Ukishakuwa na kibali cha utafiti, unakipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Pwani, Kibaha. Pale unapewa barua ya kwenda wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Halmashauri inakuandikia kwa watendaji wa kata. Mtendaji wa kata anakukabidhi kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake. Kila meza inabaki na nakala, kwa hiyo durufu kumi kabla hujapanda basi, usitegemee kukuta mashine mbele ya safari. Mlolongo huu upe wiki 4. Na kuna mtego wake: mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30. Mwezi mzima wa Juni watu wa halmashauri wanafunga hesabu, na barua ya mtafiti hulala chini kabisa ya trei. Zipeleke mapema Mei.

Kibali chenyewe, pamoja na kamati ya maadili kama utafiti wako unahusu watu, kipangie miezi 2 hadi 3. Maombi yawe yamekabidhiwa Februari mwanzoni. Lakini kamati haipokei pendekezo ambalo idara haijalipitisha. Kwa hiyo semina ya idara ifanyike Novemba, Desemba iwe ya masahihisho, Januari lipande kwenye kamati ya shule kuu au ndaki. Kamati hizi hukaa kwa ratiba. Ukichelewesha pendekezo siku 2, hucheleweshwi siku 2: unasubiri kikao kingine.

Sasa tazama. Semina Novemba, nawe unasajiliwa Oktoba. Msimamizi anahitaji kusoma rasimu walau mara 2, na kila mara mpe wiki 2 hadi 3. Rasimu, basi, iwe mkononi siku ile unapolipa ada. Ukianza kuandika siku ya usajili utafika tayari wakati wa masika, na masika ukiyakuta itabidi usubiri Julai nyingine. Hapo mwaka 1 katika 3 ya uzamivu umeondoka na hujamhoji mtu hata mmoja.

Wenzako wanaohofia msimamizi hawajakosea. Yapo mambo atakayoyabadilisha: nadharia, maneno ya malengo mahsusi, ukubwa wa sampuli, wakati mwingine hata eneo. Hayo usiyajengee ghorofa. Yapo asiyoyagusa: jedwali la machapisho uliyosoma, sentensi 3 za tatizo lako (tutazieleza hapo chini), ujuzi wako wa programu za kupanga marejeo kama Zotero au Mendeley, kalenda uliyochora, na simu uliyopiga halmashauri kuuliza nani anashughulikia watafiti. Fanya hayo kuanzia sasa. Vyuo vingi huomba andiko fupi la kurasa chache pamoja na maombi ya kujiunga; andiko hilo lipe uzito wa mbegu, wengi hulijaza kama fomu ya ukaguzi kisha wanaliandika upya lote.

Kuhusu msimamizi: mtafute kabla chuo hakijakutafutia. Soma makala 3 alizoandika karibuni, mwandikie barua pepe ya aya 2, ambatisha ukurasa 1. Muulize ana wanafunzi wangapi na kama anakaribia kustaafu au kwenda likizo ya utafiti. Omba wawe wawili. Nchi hii mkeka wa uteuzi hutoka usiku, na asubuhi profesa wako ni katibu mkuu Dodoma.

Nimeshasoma makala zaidi ya mia mbili, nina mafaili kila mahali, lakini kila nikitaka kuandika naona bado sijui vya kutosha. Nisome mpaka lini ndipo nianze? (Msomaji, Sinza)

Umepitiliza. Anayesoma makala 200 bila kuandika huwa anasoma upya zile 60 za mwanzo, maana ameshazisahau.

Kusoma na kuandika viende pamoja tangu makala ya kwanza, na chombo chake ni jedwali la safu 7: mwandishi na mwaka, aliuliza nini, wapi, mbinu na sampuli, alipata nini, aliacha nini, nitaitumia wapi. Safu ya sita ndiyo yenye mali. Ukiijaza kwa uaminifu mara 40, pengo la utafiti huanza kujitokeza lenyewe, kwa kuwa utaona kitu kilekile kimeachwa na watu kumi. Safu ya saba ikikosa neno, makala hiyo haikuhusu hata kama ni nzuri. Jaza kila mstari siku ileile uliyosoma, na uandike kwa maneno yako. Ukinakili sentensi ya mtu bila alama za mtajo, baada ya miaka 2 utadhani ni yako, na Turnitin, programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, haitadhani hivyo.

Dalili ya kutosha ni hii: ukifungua makala 5 mpya mfululizo na orodha zao za marejeo zikawa na majina unayoyajua, simama. Baada ya hapo soma mpya tu, kidogo kila mwezi.

Kisha jaribu sentensi 3. Tuchukue mada tunayoletewa kila mara, “Changamoto za maji Dar es Salaam”. Hiyo ni mada ya kongamano, haitafitiki. Ikivuliwa makoti inaweza kuwa hivi:

Tunajua kwamba kaya zisizo na bomba hununua maji ya madumu. Hatujui kwa nini baadhi ya kaya zenye bomba na mita nazo hununua, na kwa matumizi gani. Nitajua kwa kufuatilia kaya 60 katika mitaa 2, kila kaya ikiandika madumu yake kwenye daftari kwa wiki 8, wiki 4 za kiangazi na 4 za masika, kisha nihoji 20 kati yao.

Angalia kinachotokea hapo. Sentensi ya pili ina “kwa nini” na ina watu wanaoonekana. Ya tatu imeshakupa tarehe, kwa kuwa umetaja misimu 2, na misimu hiyo ndiyo itakayokuambia uanze lini. Ukishindwa sentensi ya pili, rudi kasome. Ukishindwa ya tatu, acha kusoma. Katembelee mtaa wenyewe, zungumza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uone kama jambo hilo lipo. Kutembea na kutazama hakuhitaji kibali. Kukusanya data kunahitaji.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina watoto wawili, na ruhusa ya masomo sijapata. Je, nianze nikiwa kazini au nisubiri ruhusa? Nataka kutafiti ufundishaji wa hisabati. (Mwalimu, Mbagala)

Mwalimu, ruhusa ina foleni yake, na kwa kawaida inampata aliye kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri na mwenye barua ya kukubaliwa na chuo. Kwa hiyo jina liingie kwenye mpango mwaka huu, na kazi ya mezani uianze bila kusubiri. Ruhusa itunze kwa ajili ya fildi na kuandika. Wanaoichukua mapema huila kwenye mapitio ya machapisho, kisha wanarudi darasani siku ileile data inapoingia.

Hesabu yako iwe ya saa, miaka itajileta. Alfajiri 4 kwa wiki, saa 11:00 hadi 12:15, ni saa 5. Jumamosi asubuhi saa 5. Jumapili jioni saa 2. Jumla 12 kwa wiki. Makala 120 za kusoma vizuri na kuziingiza kwenye jedwali, kila moja saa 3, ni saa 360: wiki 30. Ongeza wiki za kusahihisha mitihani, mtoto kuugua na msiba. Sema miezi 10. Huo ni karibu mwaka 1 wa kalenda kabla ya pendekezo, na hakuna aliyekuuliza ruhusa.

Kinachoangusha walio kazini ni upande wa pili, baada ya data. Tuseme umerekodi mahojiano 40 ya dakika 45. Hayo ni saa 30 za sauti. Kunukuu saa 1 ya sauti kwa maandishi huchukua saa 4 hadi 6, na zaidi kama watu wanapokezana maneno au kuna bodaboda dirishani. Kwa wastani wa 5, una saa 150 za kunukuu tu. Kwa saa 12 za wiki ni wiki 12 na nusu. Watu huandika “mwezi 1” kwenye pendekezo, halafu wanashangaa. Kama mwajiri anakupa likizo moja tu ndefu, ipangie hapo.

Kwa shule, msimu wenyewe ni mwembamba. Mwaka wa masomo huanza Januari; wiki za kwanza ni za kupokea wanafunzi. Mei Kidato cha Sita wako kwenye mtihani, Juni shule zimefungwa, Novemba ni Kidato cha Nne na cha Pili. Una Februari hadi Aprili, na Julai hadi mwanzoni mwa Oktoba. Ukitaka mwalimu akuruhusu kukaa nyuma ya darasa lake, usimwendee wiki ya mitihani ya majaribio. Na kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18 utahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, halafu mtoto mwenyewe naye akubali. Fomu zinazopelekwa nyumbani kwenye begi hazirudi zote. Anza wiki 3 kabla.

Jambo moja dogo: usitafiti shule unayofundisha. Wanafunzi wako hawatakukatalia, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Ninafanya kazi hospitalini na kila siku napita kwenye taarifa ninazozihitaji kwa utafiti. Naweza kuanza kuzikusanya wakati kibali kinashughulikiwa, ili nisipoteze muda? (Muuguzi, Ilala)

Hapana, dada. Kamati za maadili hazitoi kibali cha kurudi nyuma. Data iliyochukuliwa kabla ya tarehe ya kibali haitumiki; majarida huuliza namba ya kibali, na mtahini wa nje akilinganisha tarehe ya hojaji ya kwanza na tarehe ya barua, sura nzima inaanguka. Zaidi ya hapo, faili la mgonjwa ulilofungua ili umhudumie hukulifungua ili umtafiti. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo si suala la adabu ya kazi peke yake.

Hata jaribio la hojaji nalo linahitaji kibali, kwa kuwa anayejibu ni mtu. Liandike ndani ya pendekezo: sehemu ya kumi ya sampuli, katika kituo tofauti na kile cha utafiti.

Njia ya utafiti wa afya ni ndefu kuliko nyingine, ndiyo maana wa afya huanza mapema. Kamati ya chuo chako, kisha kwa tafiti nyingi NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwenye kamati ya kitaifa ya maadili, kisha uongozi wa hospitali yenyewe. Kama una kituo Zanzibar, kule kuna utaratibu wao. Kibali cha Bara hakivuki bahari. Anayesoma chuo cha nje ya nchi aongeze kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Kijitonyama. Maombi mengi hurudishwa kwa vitu vidogo: fomu ya ridhaa haina tafsiri ya Kiswahili, Kiswahili chake ni cha kamusi na mgonjwa hakielewi, hakuna maelezo data itafungiwa wapi na nani ana ufunguo, bajeti haijumlishiki. Mpe mtu asiye wa afya, mama ntilie wa jirani akikubali, aisome fomu kwa sauti. Pale anapokwama, ndipo kamati itakapokwama.

Ukingoja, fanya hesabu ya sampuli ili isije ikakuzuia. Kwa kanuni ya kawaida, uhakika wa asilimia 95, kosa la asilimia 5 na makadirio kwamba asilimia 50 ya watu wana jambo unalolipima, unapata watu 384. Ukitarajia asilimia 10 wasijibu, gawa kwa 0.9: 427. Sasa jiulize wodi yako inapokea wagonjwa wa aina hiyo wangapi kwa mwezi. Kama ni 30, una miezi 14 ya kukusanya. Hapo badilisha swali, au ongeza vituo, kabla kibali hakijatoka, kwa sababu kubadilisha baadaye ni kuomba upya.

Nina miaka 52, mtumishi wa umma. Watoto wananicheka. Nimechelewa? (Msomaji, Kigamboni)

Shikamoo mzee wetu. Inategemea unaitakia nini. Mtumishi wa kawaida hustaafu kwa hiari akiwa na 55 na kwa lazima akiwa na 60. Uzamivu wa muda wote ni miaka 3 kwenye karatasi, na 4 au 5 kwa walio wengi. Wa nusu muda huzidi hapo. Ukianza mwakani utamaliza ukiwa na 57 au 58. Kama lengo ni kupanda cheo hapo ulipo, kwa maoni yetu muda umebana mno, na ada hiyo ingejenga fremu 2 za kupangisha. Kama lengo ni kufundisha au kushauri baada ya kustaafu, anza, lakini chagua utafiti wa nyaraka: Nyaraka za Taifa pale Upanga, mkusanyo wa Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Mlimani. Karatasi hazina masika. Na faida unayo ambayo kijana hana: ofisi unazijua, na wenye ofisi wanakujua. Usimalizie hapo, lakini. Kukujua kusije kuwa sababu ya kuruka barua.

Watoto waambie wakusaidie kunukuu.

Swali fupi: nianze na sura ipi? Na niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? (Ujumbe wa simu, Kimara)

Lugha iulize idara yako leo, kwa maandishi. Tasnifu za Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Fani nyingine nyingi ni Kiingereza. Kama unahoji kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, hojaji itafsiriwe na mtu mmoja, na mwingine asiyeiona ya kwanza airudishe kwenye lugha ya awali. Mahali zinapopishana, swali ni bovu. Hiyo ni wiki 2 za ziada ambazo hakuna anayezipanga. Dondoo za watoataarifa ziache na Kiswahili chake pembeni mwa tafsiri. Watahini wa hapa wanasoma zote mbili.

Sura: anza na ya mbinu. Ndiyo pekee ambayo unaweza kuijua karibu yote kabla ya kwenda uwandani, na sehemu yake kubwa unaitoa kwenye pendekezo kwa kubadilisha “nitafanya” kuwa “nilifanya”. Iandike wiki ya kwanza ukirudi kutoka fildi, kabla hujasahau ni kaya ngapi zilikataa na kwa nini kijiji cha tatu kilibadilishwa. Hayo mtahini atakuuliza siku ya kutetea. Halafu mapitio, ukitumia jedwali. Halafu matokeo, lengo mahsusi moja baada ya jingine. Utangulizi uandikwe mwisho. Maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni 72,000 katika wiki 48, nayo inatosha tasnifu nyingi.

Hifadhi nakala 3: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje inayolala nyumba nyingine, na mtandaoni. Flashi ya kuchapishia pale steshenari isiwe mojawapo. Iende na PDF tu, ikirudi ifutwe.